Mlima Usio na Kofia

Jumapili, 2 Machi

Nimefika juu. Naliandika hilo kwanza, kwa sababu jana niliporudi nyumbani sikuweza kulisema. Mama aliuliza, "Enhe, mmefika?" nami nikaitikia kwa kichwa, nikakaa chini kuvua viatu. Kaka ndiye aliyesimulia yote, kasimama katikati ya sebule, mikono inapaa huku na huku, na mimi nikawa naisikiliza safari yangu mwenyewe kama habari ya mtu mwingine.

Leo miguu imevimba na siendi popote, basi nisimulie na mimi.

Kaka ni mpagazi, hubeba mizigo ya watu wanaopanda mlima. Kila mwaka, kabla ya mvua kubwa, njia hufungwa, na wapagazi hupanda mara ya mwisho kushusha mahema na masufuria yaliyobaki kambini. Safari hii aliomba ruhusa anichukue, iwe zawadi yangu ya kumaliza shule. "Wenzako wananunuliwa simu," alisema. "Wewe nakununulia kikohozi."

Mlima huu nimeuona maisha yangu yote kutoka dirisha la jikoni. Nimeuona kwenye mifuko ya unga, kwenye majalada ya madaftari, kwenye ubavu wa mabasi na kwenye vibao vya maduka anavyoandika shangazi: pembetatu ya buluu yenye kofia nyeupe iliyoshuka mpaka masikioni. Nilidhani naujua.

Juu hakuna kofia. Kuna vipande. Kikubwa kuliko vyote kimesimama peke yake juu ya mchanga mweusi, kirefu kuliko nyumba yetu, kimekatika wima kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali. Chini kina rangi ya buluu, si ya mbingu, ni ile ya maji ya kufulia. Kina mistari, tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu kilicholowa. Na kinadondoka. Upepo ulikuwa umetulia, hakuna ndege, hakuna mdudu, ila tone, kisha tone, kisha tone. Mbali na wenzake, ukingoni kabisa, kuna kipande kidogo kilichoviringika nyuma na kuchongoka mbele, kama kisigino cha mtu anayeondoka.

Kaka alinionyesha jiwe lenye alama ya rangi nyekundu. "Nilipoanza kazi, barafu ilikuwa inagusa hapa. Tulikuwa tunaiegemezea mizigo, tunapumua." Kutoka jiwe lile nilimenya chungwa nikitembea, nikalila lote, nikajifuta mikono, na barafu bado ilikuwa mbele.

Nilidhani nitalia. Kulia kulikuja baadaye, njiani. Pale juu nilichosikia ni kama pale mwalimu anaposoma jina lako mbele ya darasa kwa jambo jema. Kitu hiki kilikuwapo kabla ya bibi wa bibi yangu, na kimebaki kimesimama mpaka nikakifikia. Nikatoa karatasi za kalenda ya mwaka jana nilizokunja kifuani, nikachora nyuma yake kwa penseli. Vidole havikunisikia. Kaka alizishika karatasi zisiruke, akawa ananihimiza, "Chora haraka, msanii, pua yangu inataka kubaki huku."

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Mlima hauonekani. Miguu bado inaingia kwenye ndara za mama tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza rasmi kazi kwa shangazi. Si jambo geni, nimekuwa nikimsaidia kila likizo, lakini leo amenipa aproni yangu mwenyewe na ndoano yangu ya kuitundika.

Shangazi, dada yake baba, ni mwandika vibao. Karibu kila duka mjini linaongea kwa mwandiko wake. Karakana yake ni chumba kimoja kirefu chenye mlango mpana. Inanuka tapentaini, na sakafu ina matone ya kila rangi iliyowahi kuuzwa. Brashi zinaning'inia ndani ya kopo la mafuta, nywele chini, zisiguse kitako. Ukutani kuna kiolezo cha bati kilichokatwa umbo la mlima na kofia yake. Unakibandika kwenye kibao, unapaka, unakibandua, mlima upo. Kingo zake zimenenepa kwa rangi ya miaka.

Ana amri zake. Herufi hainyooki kwa kuionea huruma. Usilambe brashi, hujui nani aliitumia. Na kibao hakiandikwi tarehe, kwa sababu tarehe huizeesha kazi: "Mteja anataka kibao kionekane kimetoka kupakwa jana, hata kama ni cha zamani kuliko wewe."

Ananiita Kimya. "Kimya, lete kopo. Kimya, umekufa au uko hai? Kohoa nijue."

Mimi nampenda, ila namwona ni mtu wa haraka. Kazi kwake ni kumaliza.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Nimeandika HAPA TUNASHONA mara tatu. Ya tatu ndiyo aliyoikubali shangazi.

Jumanne, 8 Aprili

Kituo cha mabasi kimejengwa upya, na ukumbi wa abiria utafunguliwa mwezi ujao. Meneja wa kituo alikuja karakana mwenyewe, mwavuli mkononi, suruali imenyooshwa pasi mpaka mstari wake unaweza kukukata. Anataka vibao vya madirisha yote ya tiketi, na anataka mlima kwenye ukuta mkubwa wa ukumbi, kutoka benchi mpaka dari. "Msafiri akikaa hapo ajue yuko wapi," alisema.

Alipoondoka, shangazi alijishika bega. Bega lake haliinuki tena juu ya kichwa, ingawa hapendi tuseme. "Vibao nitaandika mimi, nimekaa. Ukuta ni wako. Kiolezo kikuze kwa mistari ya miraba, paka buluu, paka kofia, siku chache umemaliza."

Ukuta mzima. Wangu. Nikasema, "Sawa, shangazi," kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Kiolezo sikukichukua. Nimechukua karatasi zangu za kalenda.

Alhamisi, 10 Aprili

Ukuta umepakwa rangi ya kwanza, nyeupe tupu, ya kuziba saruji. Nimesimama mbele yake asubuhi nzima kama mtu aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

Shangazi hupaka mlima kwanza, halafu nyeupe juu yake, nzito, mwisho kabisa. Mimi nimegundua kwamba siwezi. Nyeupe ikiwa juu ya rangi nyeusi hugeuka ya maziwa yaliyochacha. Barafu niliyoiona ilikuwa na mwanga unaotoka ndani. Kwa hiyo barafu sitaipaka. Nitapaka mawe, na pale penye barafu nitapaacha, nyeupe ya ukuta wenyewe ibaki ikipumua. Ubaya wake ni mmoja: nikipaka jiwe mahali, nimepaka. Nyeupe ile hairudi.

Nimeanza juu kushoto. Kila brashi ya jiwe inakula barafu kidogo. Jioni nilijikuta nauomba radhi ukuta.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua inapiga bati la ukumbi mpaka mafundi wanaongea kwa ishara. Nafurahi. Hakuna anayeniuliza kitu.

Alhamisi, 24 Aprili

Mabasi yanaendelea kupitia upande mmoja wa kituo, na abiria wanajikinga mvua ukumbini. Nina watazamaji! Nimewageuzia mgongo, lakini masikio hayana mgongo.

"Binti, mbona mlima wako una upara?"

"Bado hajamaliza, mwacheni."

"Nyeupe imemwishia. Siku hizi hata rangi zimepanda."

Anayewaongoza ni Redio. Huyu ni mama mkata tiketi wa dirisha la kwanza. Hutangaza mabasi bila kipaza sauti, na mlio wake unafika mpaka sokoni. Anatangaza na mimi: "Abiria, basi la saa nne linapakia! Na mchoraji wetu leo ameongeza jiwe moja, kofia bado iko njiani!"

Leo baba mmoja mwenye koti lililolowa aliniwekea kopo miguuni, akasema taratibu, "Ilibaki nilipopaka geti langu, mwanangu. Chukua, umalizie." Nyeupe. Nusu kopo. Nilitaka kumweleza kwamba mlima wangu hauna upungufu wa rangi, ila una upungufu wa barafu. Nikasema, "Ahsante, baba," naye akaenda zake ameridhika.

Kopo limebaki kando ya ngazi na linanitazama.

Jumapili, 27 Aprili

Mama alipita kituoni jana. Aliwaambia wote, "Huyu ni wangu," na Redio akamjibu, "Hongera, mama, mwambie na mlima wake aununulie kofia, baridi itauua." Watu walicheka. Mama alicheka pia, lakini nyumbani aliosha vyombo vilivyokuwa safi.

"Mwanangu, kwani ukiongeza kidogo utapungukiwa nini? Mlima ni wetu sote. Mgeni akija ndio tunaomwonyesha. Hatuna kingine kirefu."

"Mama, mimi nimeuona."

"Na mimi nimeuona. Nilipokuwa mdogo ulikuwa mweupe mpaka macho yanauma."

Hasemi uongo. Wake ulikuwa mweupe. Wangu ndio huu.

Jumanne, 29 Aprili

Meneja amekuja kuuangalia ukuta. Alitembea kutoka pembe moja hadi nyingine, akarudi, akafunga mwavuli wake akaufungua tena ndani ya nyumba.

"Imekamilika?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hapana," alisema, kwa upole, heri angefoka. "Mtu anasafiri kwenda kuzika, mwingine anaacha watoto, mwingine amekosa kazi. Anakaa hapa anatazama juu. Ukuta wa kituo si mahali pa kumwongezea mtu msiba. Mwite shangazi yako."

Jumatano, 30 Aprili

Nitaandika kila kitu, hata yale ya aibu.

Shangazi alikuja na kiolezo chini ya kwapa. Hakuwa amekanyaga ukumbini tangu nianze. Vibao vya madirisha vilimbana. Alisimama mlangoni akautazama ukuta. Alitazama muda mrefu, lakini yeye hutazama hivyo hata herufi moja. Kisha akaweka kiolezo chini, akafungua lile kopo la baba wa geti, akakoroga.

"Ni kazi nzuri," alisema. "Sikujua unaweza. Lakini mteja ni mteja. Tutapaka kofia kwa mkono, jepesi jepesi, tukifuata mawe yako. Sogea."

Nilikuwa nimesimama kati yake na ukuta. Sikusogea.

"Kimya. Sogea."

Niliibandika mikono nyuma kwenye saruji. Redio aliacha kutangaza, na hilo halijawahi kutokea. Shangazi alinikaribia na brashi inayodondoka mpaka nyeupe ikanidondokea kwenye kiatu.

"Unanizuia mimi? Mimi niliyekufundisha kushika brashi?"

Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo, halafu nikatikisa kuwa hapana, halafu nikaanza kulia, na bado sikusogea.

Shangazi alinitazama. Halafu akacheka, kicheko kimoja kifupi kama kikohozi. "Kumbe una mifupa," alisema. Akaifuta brashi kwenye ukingo wa kopo, upande huu, upande ule, kwa utaratibu wake wa siku zote, akagonga kifuniko kikafunga. Kisha akaketi benchi la abiria akaniambia nimweleze, na nisipoweza kwa mdomo nioneshe kwa kidole. Nikamwonesha. Ukuta wa barafu. Mistari. Jiwe jekundu. Kisigino.

"Na hii nyeupe hukuipaka," akasema ghafla, uso kaukaribisha kwenye Kisigino mpaka pua inagusa. "Umeiacha. Ni ukuta wenyewe." Akapitisha kidole. "Mimi miaka yote napaka juu. Mjinga mimi."

Akaenda ofisini kwa Meneja. Mlango ulikuwa wazi, na shangazi hanong'oni.

"Bwana Meneja, wewe husema mlima ni mweupe, mpwa wako huyu wa kazi anasema sivyo—"

"Si mpwa wangu, ni wako."

"Akikosea ni wangu, akipatia utamtaka. Sikiliza. Mawingu yamefunika, hatuna shahidi. Siku ya ufunguzi yakifunguka, mlima wenyewe useme. Ukiwa mweupe, nitaupaka mweupe kwa mkono wangu, na bega langu hili. Usipokuwa mweupe, ukuta unabaki."

Meneja alikubali. Nadhani alikubali ili apate kuendelea na chai yake.

Jumanne, 6 Mei

Mawingu. Shangazi anatoka nje kila asubuhi kutazama, kama mtu anayesubiri basi.

Jumamosi, 17 Mei

Ufunguzi ulikuwa leo. Viti vilipangwa, utepe ukafungwa, kipaza sauti kikapiga mluzi mpaka watoto wakaziba masikio. Mama alivaa vazi lake la harusi za watu. Mimi nilikaa nyuma ya nguzo.

Meneja alikuwa katikati ya hotuba aliposimama. Wote tukageuka kutazama anachotazama. Milango mikubwa ya ukumbi inaelekea mlimani, na kule nje wingu lilikuwa linapanda, taratibu, kama mtu anavyovua nguo kichwani. Tuliona mabega ya mlima. Tuliona shingo. Halafu tukaona kichwa.

Mweupe. Wote, kutoka kileleni hadi chini ya mabega, mweupe unaong'aa, mweupe kuliko kiolezo cha shangazi.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga vigelegele, walisimama juu ya viti, walioneshana kwa vidole: mlima, ukuta, mlima, ukuta. Walicheka bila ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Redio alichukua kipaza sauti asichokihitaji. "Abiria, kofia imewasili! Imechelewa kidogo njiani!"

Nilipita chini ya mikono ya watu nikaenda stoo ya mafagio, nikajifungia. Nilijiuliza kama nilikuwa na homa kule juu. Nilijiuliza kama mtu anaweza kuona kitu kwa macho yake na akawa amekosea.

Kaka ndiye aliyenipata. Alizungumza kupitia mlango.

"Mjinga wewe, hiyo ni theluji. Imeanguka na hizi mvua."

Nilipindua ndoo nikaikalia.

"Theluji ni mgeni. Barafu ndiyo mwenye nyumba. Mgeni akijaza sebule, usidhani nyumba ni yake. Mpe siku za jua, ataaga."

"Meneja hatasubiri mgeni aage," nilisema.

"Loo, umeongea! Basi fungua mlango, nimekuletea soda, inapata joto."

Jumatatu, 19 Mei

Meneja alikuja karakana asubuhi. "Haya. Mlima umesema."

Nilimtazama shangazi. Aliahidi mbele ya watu, na shangazi hajawahi kuvunja ahadi kwa mteja. Hata mafua hajawahi kuyatolea udhuru.

Alikuwa anaandika herufi. Hakuinua kichwa.

"Umesema kweli, nitapaka. Ila siyo leo. Rangi ya mafuta haipakwi juu ya rangi ambayo haijakomaa. Itavimba, itabanduka, utaniita mwizi."

"Si imekauka? Niligusa."

"Imekauka juu. Ndani bado. Na mvua hizi ndizo zimeichelewesha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ikomae. Rangi si parachichi, bwana, huibonyezi ukajua."

Alipokwenda, nilikuwa nimeshika kopo bila kujua nalipeleka wapi. Rangi ile imekauka tangu mwezi uliopita, ndani na nje, na shangazi anajua kuliko mtu yeyote.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Omba jua."

Nimemwona vibaya miaka yote. Nilidhani anaharakia kumaliza. Mtu wa haraka asingemaliza muda wake wa chai amesimama mlangoni anatazama angani.

Alhamisi, 22 Mei

Jua. Jua. Jua.

Jumatatu, 26 Mei

Jambo limetokea ambalo hakuna aliyelipanga. Watu wamelifanya mchezo. Asubuhi, kabla ya mawingu kupanda, abiria wanasimama mlangoni mwa ukumbi, wanatazama nje, halafu wanageuka kutazama ukuta.

"Theluji imefika wapi leo?"

"Bega la kulia limeshavuliwa. Tazama, lile jiwe jeusi kama pua."

"Pua ipo! Ipo hapa ukutani, njooni muone!"

Redio anatoa taarifa: "Habari za asubuhi! Theluji imerudi nyuma mpaka kwenye pua. Mchoraji anaongoza!" Baba wa geti naye alikuwepo. Alilitazama kopo lake chini ya ngazi, akalichukua polepole, akaondoka nalo bila kumwangalia mtu.

Mimi nilikuwa juu ya ngazi napaka ukingo wa dari. Sikuwageuzia mgongo. Nilikaa ubavu.

Jumatatu, 2 Juni

Njia ya mlima imefunguliwa, kaka amepanda na wageni. Meneja alimuuliza shangazi kama rangi imekomaa. Shangazi akamwuliza kama yeye haoni nje.

Jumatano, 4 Juni

Leo asubuhi hakukuwa na wingu hata la kufutia jasho. Mlima ulikuwa karibu, umekatwa na kubandikwa angani. Nilifika, nikakuta ukumbi umejaa, watu wamegeukia mlango.

Ni huohuo. Pua, mabega, ukuta wa barafu kama kovu jeupe, vipande vya kulia kama meno ya mtoto. Uliokuwa nje ulikuwa ndani. Mama mmoja mwenye kapu alisema, si kwa mtu, "Kumbe ndio umebaki hivi," na hakuna aliyecheka. Mzee aliyekuwa karibu naye akavua kofia yake.

Meneja alisimama katikati, mikono nyuma. Nilingoja. Mwishowe alimwita mfagiaji, akamwambia waondoe lile benchi la mwisho, linaziba upande wa chini wa ukuta.

Basi. Hayo tu. Shangazi alinifinya mkono mpaka ukauma, na mama akaanza tena, "Huyu ni wangu," safari hii hakuna aliyemjibu kwa mzaha.

Ila Redio ana macho makali kama sauti yake. Alikuja akasimama kando yangu, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Mwanangu, hiki kidogo hapa ukingoni. Nje sikioni."

Kisigino. Nilitazama, nikatazama tena. Hakipo.

Jumapili, 8 Juni

Kaka ameshuka. Hakuvua hata begi. "Nilipita pale. Kimeanguka. Kimebaki tope na kidimbwi cha maji." Akanipa chungwa. "Hili nililinunua nikalile huko kwa niaba yako, halafu likanishinda."

Tumelila wote watatu, mimi, yeye na mama.

Jumatatu, 9 Juni

Habari ilikuwa imefika kituoni kabla yangu. Meneja amekuwa mtu mwingine. Sasa anawachukua wageni kwa mkono anawaeleza ukuta, na leo nilimsikia akisema, "Sisi tuliamua kupaka mlima wa kweli." Sisi!

Alipotuona, mimi na shangazi, alikuja haraka. "Jambo dogo tu. Hicho kipande ambacho hakipo tena, mkifute. Jiwe kidogo tu hapo, dakika moja, ukuta uwe sawasawa na mlima. Nataka mtu asipate la kusema."

Shangazi alikuwa na sanduku la brashi mkononi. Alinitazama mimi. Na Redio alikuwa anatazama, na mama mwenye kapu, na foleni nzima ya basi la saa nne.

"Hapana," nilisema.

Ilitoka kubwa. Iligonga ukuta wa pili ikarudi.

"Hakifutwi. Kilikuwepo. Nimesimama karibu nacho, nikakichora, kaka yangu ni shahidi. Nikipaka jiwe hapo, nyeupe ile hairudi tena. Mlimani kimeondoka. Hapa kitakaa."

Kisha Redio: "Abiria, mmesikia! Anaongea! Na akianza, hata mimi naacha kazi!"

Meneja alikitazama Kisigino muda kidogo. "Kweli kinafanana na kisigino," alisema, akaenda kuwapokea wageni wake.

Shangazi alifungua sanduku, akanichagulia brashi nyembamba kuliko zote, ile asiyoniruhusu kuigusa. "Tia jina. Pale chini kulia, walipoondoa benchi. Na tarehe."

"Shangazi, si ulisema tarehe huizeesha kazi?"

"Vibao. Hii si kibao. Kuna kazi inayotaka kuzeeka."

Nilipiga magoti. Niliandika jina langu lote, si Kimya. Na tarehe sikuandika ya leo, wala ya siku niliyomaliza. Niliandika ya ile siku mwishoni mwa Februari, niliposimama juu na chungwa mkononi na kila kipande kipo.

Shangazi aliinama akazikagua herufi moja moja, kama anavyokagua zote, akitafuta ya kuniambia niirudie.

Hakuipata. Zimenyooka.